PSG kwa mwanafunzi wa Mombasa: kuchunguza angahewa za sayari za mbali bila bando kubwa

Mtu aliye Tudor, Kisauni au Likoni anayetaka kuifanya kazi ya kuchunguza angahewa za sayari nyingine hukwama mapema, tena hakwamishwi na ukosefu wa darubini. Data za darubini kubwa zimejaa mtandaoni na hazilipiwi. Kinachomkwamisha ni majedwali. Ili kompyuta ikokotoe jinsi mvuke wa maji au kaboni dioksidi inavyonyonya mwanga, lazima iwe na orodha ya mistari ya kila molekuli, yaani rangi mahususi za mwanga inazonyonya, na orodha hizo ni kubwa kupita kiasi: ile ya maji iitwayo POKAZATEL peke yake ina karibu mistari bilioni 6. Programu huria zinazotumika sana katika fani hii, kama petitRADTRANS, TauREx na POSEIDON, ni nzuri na zinaaminika, lakini kabla ya kukuchorea grafu ya kwanza zinakutaka upakue majedwali yaliyokwisha kupunguzwa, gesi baada ya gesi, mamia ya megabaiti hadi magigabaiti. Kwa bando la wiki, safari inaishia hapo.

Planetary Spectrum Generator, ambayo kila mtu huiita PSG, imemwondolea mtumiaji mzigo huo. Ni huduma ya NASA inayotoka katika kituo cha Goddard kule Greenbelt, Maryland, na maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2018 na Geronimo Villanueva na wenzake. Unaifungua kwa kivinjari chochote kwenye psg.gsfc.nasa.gov, hujisajili, hulipi. Majedwali yote yamekaa kwenye seva zao. Wewe unatuma maelezo ya sayari, wao wanakurudishia spektra, yaani kiasi cha mwanga kwa kila rangi, ikiwa maandishi matupu. Tuseme umeomba spektra ya mikrometa 0.6 hadi 5.3 kwa uwezo wa kutenganisha wa 100: hesabu yake ni 100 mara logi asilia ya 5.3 gawanya kwa 0.6, yaani mistari 218 hivi ya namba. Hiyo ni kilobaiti chache tu, chini ya picha moja ya WhatsApp. Stima ikipotea katikati ya kazi, kilichopotea ni ukurasa wa kivinjari, si usiku mzima wa kupakua.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imezuiliwa na jambo moja: PSG inakubali karibu kila unachoiandikia na kukuchorea grafu ya kupendeza hata kama umekosea kipimo kwa mara bilioni. Kwa hiyo inamfaa sana mtu anayeanza na kalamu na karatasi, na inampotosha anayeanza na kubonyeza.

Kalamu kwanza: Enaiposha

Tuichukue sayari moja tuipitishe mwanzo hadi mwisho. Tumeichagua GJ 1214 b. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotangaza majina mapya ya sayari, hii ilipewa jina lililopendekezwa na Kenya: nyota ni Orkaria, sayari ni Enaiposha. Ni maneno ya Kimaasai, na la pili linataja maji mengi kama ya ziwa au bahari, asili moja na jina la Naivasha. Ni jina letu juu ya sayari ambayo wachunguzi wa angahewa wameihangaikia tangu ilipogunduliwa mwaka 2009, na itakuwa ajabu mwanafunzi wa Kenya aanzie mahali pengine.

Vipimo vyake ni hivi. Umbali ni parseki 14.6, karibu miaka ya nuru 48. Nusukipenyo chake ni mara 2.74 ya Dunia na masi yake ni mara 8.2. Inaizunguka nyota yake, ambayo ni kibete chekundu, kwa siku 1.58, na kila inapopita mbele ya nyota hukaa dakika 52 hivi. Nusukipenyo cha nyota ni 0.215 ya Jua.

Sasa hesabu. Nusukipenyo cha sayari ni 2.74 mara 6,371, yaani kilomita 17,457. Cha nyota ni 0.215 mara 695,700, yaani kilomita 149,576. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: 0.0136. Maana yake sayari inaziba asilimia 1.36 ya mwanga wa nyota kila inapopita. Mvutano wa juu yake ni 9.8 mara 8.2 gawanya kwa mraba wa 2.74, unapata mita 10.7 kwa sekunde mraba, karibu sawa na wa Dunia.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya kazi nzima: kimo ambacho ukipanda, shinikizo la hewa linashuka mara 2.7 hivi. Kanuni yake ni 8.314 mara joto, gawanya kwa uzito wa wastani wa molekuli mara mvutano. Kwa joto la kelvini 590 na hewa ya hidrojeni na heli, ambayo uzito wake ni kilo 0.0023 kwa moli, unapata karibu kilomita 200. Kwa hewa ya mvuke wa maji mtupu, kilo 0.018 kwa moli, unapata kilomita 25 tu. Kila kimo kimoja kama hicho kinaongeza kivuli cha sayari kwa mara mbili ya nusukipenyo cha sayari mara kimo hicho, gawanya kwa mraba wa nusukipenyo cha nyota. Kwa hidrojeni ni sehemu 312 kwa milioni, ambazo wataalamu huandika ppm. Kwa mvuke wa maji ni ppm 40. Kwa kulinganisha, Dunia ikipita mbele ya Jua, kimo chake cha kilomita 8 kinaongeza ppm 0.2.

Andika namba hizo pembeni ya daftari. Ndizo zitakazokuambia kama PSG imekuelewa.

(Kimo hichohicho, kwa njia nyingine, kimewahi kuchunguzwa kutoka pwani yetu. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la baharini la Ngomeni, karibu na Malindi, kupima msongamano wa hewa ya juu ya Dunia juu ya ikweta. Swali lilikuwa lilelile: hewa inapungua kwa kasi gani unapopanda?)

Sehemu tatu za ukurasa, na mitego yake

Ukurasa wa PSG una sehemu tatu zinazofuatana: shabaha, angahewa, kifaa. Maandishi yote ni ya Kiingereza na yamebanana, kwa hiyo kwenye skrini ya simu utachoka upesi. Tumia kompyuta, hata ya saiba. Vipo vielelezo vilivyojazwa tayari, na ni busara kuanza na kimoja cha sayari ya nje ya mfumo wetu wa jua kisha kubadilisha, kuliko kujaza kila kisanduku kutoka sifuri. Hata hivyo pitia kila namba, kwa sababu kielelezo kinakuja na vipimo vya sayari yake, na usichokibadilisha kitabaki kimya mpaka mwisho.

Kwenye shabaha, mtego wa kwanza ni ukubwa. PSG inataka kipenyo kwa kilomita, ilhali makala karibu zote hutoa nusukipenyo. Kwa Enaiposha andika 34,900. Ukiandika 17,457, kina cha mpito, yaani sehemu ya mwanga inayozibwa sayari ikipita, kitatoka asilimia 0.34, robo kamili ya ulichokokotoa, na robo hiyo ndiyo alama ya kosa hili. Ukiiona, usitafute mahali pengine.

Mtego wa pili ni mvutano. Kisanduku chake kinapokea namba kwa vipimo vya aina tatu: mvutano wenyewe, msongamano, au masi kwa kilo. Ukiandika 10.7 huku kipimo kikiwa bado kwenye kilo, umeiambia PSG kuwa sayari nzima ina uzito wa mfuko mdogo wa unga, na angahewa yake itavimba hadi kukosa maana.

Halafu pembe ya mzunguko. Kwa sayari iliyo mbele ya nyota andika 180. Kwa sayari inayopita nyuma ya nyota andika 0. Ukiacha 90 utapata mwanga wa sayari iliyomulikwa nusu, grafu ambayo nayo ina vilima na mabonde vya kuaminika kabisa, ila haijibu swali lako.

Wa mwisho hapa ni umbali, na huu ni mbaya kwa sababu haujionyeshi. Andika 14.6 na uhakikishe kipimo ni parseki. Kikibaki kwenye umbali wa Dunia na Jua, kina cha mpito hakitabadilika hata kidogo, maana ni uwiano. Kitakachobadilika ni kelele za kifaa: nyota itakuwa imesogezwa karibu mara 206,265, mwanga wake utakuwa umeongezeka zaidi ya mara bilioni 40, na makosa ya vipimo yatatoka madogo mno. Mwanafunzi anaweza kuandika ripoti nzima inayodai kuwa mpito mmoja unatosha kuona methani, na grafu ikamuunga mkono.

Kwenye angahewa kuna mambo matatu ya kuangalia kwa makini zaidi ya mengine. Kwanza tabaka. Anza chini kwenye shinikizo la bar 10 na upande hadi sehemu moja ya milioni ya bar. Ukikatia juu kwenye sehemu moja ya elfu ya bar, vilele vya mikanda yenye nguvu vitatokea bapa kana kwamba vimepigwa randa, na mtu asiyejua atasema ni mawingu.

Pili, uzito wa wastani wa molekuli una mstari wake katika faili, mbali na orodha ya gesi. Mtu anafuta hidrojeni, anaweka maji, na kusahau uzito kwenye 2.3. Grafu inayotoka ina mabonde ya maji yenye urefu wa hewa nyepesi. Kipimo chako cha kalamu kinasema nini? Kutoka 2.3 kwenda 18 ni karibu mara nane, kwa hiyo vilima vyote vinapaswa kushuka hadi moja ya nane. Visiposhuka, rudi kwenye uzito. Angalia pia kipimo cha kila gesi: asilimia, ppm, au kizidishio cha wasifu uliokwisha kuwekwa kwenye tabaka. Kizidishio cha 1 maana yake ni "acha kama ilivyo". Asilimia 1 ni jambo jingine kabisa.

Tatu, chanzo cha mistari. HITRAN ni hifadhidata nzuri na imeandaliwa kwa joto la rejeo la kelvini 296, joto la darasani. Kwa Mirihi au Dunia inatosha. Kwa sayari ya kelvini 1,000 na zaidi haitoshi, kwa sababu molekuli zenye joto hunyonya mwanga kupitia mistari mingi dhaifu ambayo kwenye joto la chini haionekani, na HITRAN haikuwekewa hiyo. Utapata madirisha angavu ambayo kwa kweli yamefungwa. Kwa sayari moto tafuta majedwali yaliyotokana na ExoMol au HITEMP. Enaiposha iko katikati, kwa hiyo jaribu vyote viwili uone tofauti inafika ppm ngapi.

Kisha weka mawingu, na hapa PSG inastahili sifa kamili. Endesha mara tatu: hidrojeni safi, maji safi, halafu hidrojeni yenye wingu zito lililopanda juu hadi sehemu moja ya elfu kumi ya bar. Weka grafu tatu juu ya nyingine. Ya kwanza ina milima ya mamia ya ppm. Ya pili imeshuka sana. Ya tatu imelala. Ukishaziona zikiwa pamoja, unaelewa kwa nini Hubble iliitazama Enaiposha mipito 15, na kwa nini matokeo yaliyochapishwa Januari 2014 na kundi la Laura Kreidberg yalikuwa mstari ulionyooka ambao bado ulikuwa habari kubwa. Vipimo vyao vilikuwa makini kiasi cha kuondoa hata hewa nzito iliyo safi. Kilichobaki ni mawingu au ukungu ulio juu sana. Mstari ulionyooka ulikuwa umesema kitu, na PSG inakuwezesha kulisikia neno hilo kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Tahadhari moja: ukiwasha hesabu za mwanga kutawanyika mara nyingi ndani ya wingu, muda wa kusubiri unaongezeka sana. Kwa mpito, ambapo mwanga unapita kando ya sayari, anza bila hiyo. Iwashe pale tu unapokokotoa mwanga unaorudishwa na sayari.

Sehemu ya kifaa ndiyo dhaifu zaidi, au tuseme ndiyo inayodanganya wepesi zaidi. Darubini ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, imo kwenye vielelezo. Wengi hukimbilia PRISM ya NIRSpec, kimojawapo cha vifaa vyake vya kugawanya mwanga, kwa sababu inafunika mikrometa 0.6 hadi 5.3 kwa mkupuo mmoja, na ndiyo iliyotumika mwezi Julai 2022 kwa WASP-39 b, sayari iliyotupa ushahidi wa wazi wa kaboni dioksidi kwenye mikrometa 4.3 na baadaye dioksidi ya salfa kwenye 4.05. Lakini Orkaria inang'aa zaidi. Daraja lake la mng'ao katika mkanda wa J, ulio kwenye infraredi, ni 9.75 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi), na PRISM huanza kujaa kwenye nyota zinazong'aa kupita 10.5 hivi. Kigunduzi kilichojaa hakihesabu tena. Kwa nyota hii chagua G395H ya NIRSpec hiyohiyo, inayofunika takriban mikrometa 2.9 hadi 5.2, au MIRI, kifaa kingine cha Webb, kwa mawimbi marefu. Ni MIRI iliyotumiwa kuifuata Enaiposha mzunguko mzima, na matokeo ya mwaka 2023 ya Eliza Kempton na wenzake yakatoa kelvini 553 upande wa mchana na 437 upande wa usiku.

Kwa kelele za kuandikia ombi la muda wa darubini, usiishie PSG. Tumia PandExo, iliyotengenezwa mahsusi kwa vifaa vya Webb. PSG inakupa kadirio la kwanza: je, ninahitaji mpito mmoja, minne, au arobaini? Kumbuka kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo mipito minne inazipunguza kwa nusu, na kuzipunguza hadi robo ni lazima uwe na 16.

Kuitumia bila kufungua ukurasa

Kwa Mombasa hii ndiyo njia tunayoipendekeza zaidi, na wengi hawaijui. Ukishapanga sayari yako mara moja kwenye kivinjari, pakua faili ya mipangilio. Ni faili ya maandishi yenye lebo moja kwa kila mstari, mfano `<OBJECT-DIAMETER>34900`. Ihifadhi kwa jina config.txt, kisha kwenye kompyuta ya Linux, au hata kwenye simu ya Android yenye Termux na curl, andika:

`curl -d type=rad --data-urlencode file@config.txt https://psg.gsfc.nasa.gov/api.php > jibu.txt`

Jibu linarudi ndani ya jibu.txt. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo, na iliyobaki ni safu za namba. Ukibadilisha `rad` kuwa `trn` unapata upenyaji wa mwanga kwa kila gesi, na `noi` inakupa kelele. Programu ndogo ya Python inaweza kubadilisha mstari mmoja wa faili, kutuma, kusubiri na kurudia, na ukapata familia nzima ya grafu kwa data isiyofika megabaiti moja. Weka pumziko la sekunde chache kati ya ombi na ombi. Seva ni ya dunia nzima.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuandika = badala ya alama ya @ kabla ya jina la faili: PSG itapokea neno "config.txt" badala ya yaliyomo. La pili ni kuifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, ambayo hugeuza alama za nukuu na kuingiza herufi zisizoonekana. Tumia nano au kihariri chochote cha maandishi matupu.

Kabla ya kuondoka kwenye njia hii, fanya zoezi moja la nyumbani. Chagua Dunia kuwa shabaha, mtazamaji awe chini akitazama juu, latitudo ya nyuzi 4 kusini na longitudo 39.7 mashariki. Hapo ni Mombasa. Omba upenyaji kutoka mikrometa 1 hadi 5. Mikanda ya maji kwenye 1.4, 1.9 na 2.7 itakuwa imefungwa kabisa, weusi mtupu. Hewa ya pwani ina maji mengi. Yakikusanywa yote juu ya kichwa chako yanaweza kufika milimita 40 na zaidi. Rudia kwa uwanda wa Chajnantor kule Chile, mita 5,000 juu ya bahari, ambako milimita 1 ni jambo la kawaida. Madirisha yanafunguka. Unyevunyevu ule unaokulowesha shati ukisubiri feri Likoni ndio huo unaoziba mikanda, na ndiyo sababu kazi hii hufanywa kutoka milima mikavu na kutoka angani.

Haifanyi nini

PSG inachukulia nyota kuwa safi. Nyota ndogo nyekundu zina madoa baridi na madoa moto, na sayari ikipita kwenye ukanda usio na madoa baridi, kivuli chake kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, tena kwa kiasi tofauti kila rangi. Madoa baridi ya kibete chekundu yana hata mvuke wa maji wake yenyewe. Matokeo ni maji ya nyota yanayojifanya maji ya sayari, tatizo linalowatesa mno wanaochunguza sayari saba za TRAPPIST-1. Kwa hilo utahitaji hesabu nyingine juu ya jibu la PSG.

Ina pia sehemu ya kurudi nyuma kutoka data hadi angahewa, na kwa kujifunzia si mbaya. Lakini makala za siku hizi hujaribu maelfu kwa maelfu ya angahewa ili kupata uwezekano wa kila jibu, na hapo huwezi kutegemea seva ya mbali kwa kila jaribio. Ndipo wakati wa kusakinisha petitRADTRANS au POSEIDON, na ndipo inafaa kutafuta intaneti ya chuo usiku mmoja na kupakua majedwali ya gesi tano au sita tu unazozihitaji. Inawezekana vilevile kuisakinisha PSG yenyewe kwenye kompyuta yako kupitia Docker, kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea Linux.

Kwa mwanafunzi wa fizikia au hisabati wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, mradi wa mwaka wa mwisho unaotosha unaweza kujengwa juu ya PSG bila shilingi ya ziada. Chukua sayari moja. Pakua spektra yake iliyokwisha kusafishwa kutoka NASA Exoplanet Archive, jedwali dogo la maandishi, si faili ghafi za hifadhi ya MAST ambazo kwa mpito mmoja wa Webb hujaa magigabaiti mengi. Tengeneza angahewa nne au tano, zilinganishe na data kwa mraba wa tofauti, na ueleze ipi imekataliwa na kwa uhakika gani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa umbo dogo, na msimamizi wa shahada ya uzamili popote alipo ataitambua.

Njia ya mbele ni ndefu: uzamili, uzamivu, kisha mikataba ya miaka miwili au mitatu katika vyuo tofauti kabla ya ajira ya kudumu. Ushindani ni mkali. Ombi la mzunguko wa nne wa Webb, Oktoba 2024, lilivuta mapendekezo zaidi ya 2,300 yakitaka karibu saa 78,000, takriban mara tisa ya zilizokuwepo. Lakini mapendekezo hayo husomwa bila majina ya waandishi wala vyuo, na mtu wa taifa lolote anaruhusiwa kuomba. Anayesoma haoni Mombasa wala Cambridge. Anaona kama ppm zako zinalingana na mipito uliyoomba, na hilo ndilo tulilokuwa tukilifanya kwa Enaiposha tangu mwanzo.

Ukiandika ripoti, taja makala ya Villanueva na wenzake ya 2018, na uambatishe faili ya mipangilio nzima mwishoni, usiambatishe grafu peke yake. Mkaguzi ataipakia, atabonyeza, na ataona ulichokiona. Weka na tarehe uliyoendesha hesabu, kwa sababu majedwali ya kwenye seva husasishwa.